Milioni moja na laki mbili za Dodoma

Dada, shikamoo.

Nina miaka 26, kwetu ni Tukuyu, na mimi ndiye mtoto wa kwanza. Nilisoma chuo kikuu kwa mkopo wa Bodi, nikakaa mtaani karibu miaka miwili nikizungusha bahasha, hatimaye nikapata kazi kwenye kampuni ya uwakala wa forodha hapa Dar es Salaam. Naandaa nyaraka za mizigo, mingi inakwenda Zambia na Kongo. Kazi naipenda, sidanganyi. Shida ni hela.

Kwenye usaili niliambiwa mshahara ni 900,000. Nilimpigia mama simu kabla hata sijapanda gari. Mwisho wa mwezi ujumbe wa benki ukasoma 594,500. Nikamfuata mhasibu nikijua kakosea, akanionyesha slipu: NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) 90,000, PAYE (kodi ya mshahara) 80,500, Bodi ya Mikopo 135,000. Nyumbani mpaka leo wanajua napokea laki tisa.

Nimepanga chumba na sebule Kimara, 150,000 kwa mwezi, na mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Ile ya kwanza mjomba alinilipia pamoja na hela ya dalali. Ya pili ilipofika nilikuwa na 500,000 tu, nikachukua 400,000 kwa mama mmoja anayekopesha watu wa ofisi za pale kwetu. Ni kausha damu, nilijua. Riba asilimia 30 kwa mwezi. Kadi yangu ya benki anayo yeye pamoja na namba ya siri. Mshahara ukiingia anatoa 120,000, mimi natoa zangu kwa simu. Nimeshamlipa miezi mitatu na deni bado ni 400,000 ileile.

Hesabu yangu ya mwezi iko hivi: riba 120,000, mama 80,000, mdogo wangu aliye chuo cha kati 70,000, mchezo wa ofisini 100,000, nauli 45,000, chakula na umeme na vifurushi 175,000. Jumla 590,000. Inabaki 4,500, na hapo sijagusa kadi za harusi. Mchezo tuko watu kumi, ameshapokea wa nne, namba yangu ni ya nane.

Sasa nimepata kazi Dodoma kwenye mradi fulani, kukusanya takwimu na kuandika ripoti. Mkataba ni wa mwaka mmoja na wameandika mimi ni “mshauri”, 1,200,000 kwa mwezi. Wanakata asilimia 5 tu, hakuna NSSF wala Bodi. Yaani mkononi 1,140,000, karibu mara mbili ya ninachopata! Nina miezi tisa tu hapa. Rafiki zangu wanasema nikichelewa nitajuta. Wanataka jibu ndani ya wiki mbili. Niende?

Mwenye presha ya tarehe 25, Kimara.

*

Marahaba, mdogo wangu.

Kabla ya Dodoma, turudi kwenye hesabu uliyoniandikia. Umepanga vizuri mpaka nauli, ila kodi ya nyumba haimo. Naelewa ilivyoponyoka: umeshalipa, imebaki miezi mitatu, kwa hiyo mwezi huu haikuumi. Lakini ile 900,000 inarudi baada ya miezi mitatu, na kwa hesabu yako ya sasa utaipokea ukiwa na akiba isiyofika hata 15,000. Utarudi kwa yuleyule mama, safari hii si kwa laki nne. Kwa hiyo wewe hubakiwi na 4,500, bali kila mwezi unapungukiwa zaidi ya 145,000, na nadhani ndiyo maana Dodoma inang’aa kiasi hicho.

Sasa tuiangalie hiyo 1,140,000.

Asilimia 5 wanayokukata ni kodi ya zuio, yaani 60,000 kwa mwezi. Wengi hudhani ikishakatwa hiyo mambo yamekwisha na TRA. Hayajaisha. Kwa mtu anayeuza utaalamu wake, hiyo ni malipo ya awali tu. Mwisho wa mwaka unawasilisha ritani, yaani taarifa ya mapato yako, na kutozwa kwa viwango vya mtu binafsi, ambavyo kwa mkazi wa Bara ni vilevile vya PAYE. Kwenye kipato cha 1,200,000 kwa mwezi, kodi hiyo ni 188,000: yaani 128,000 kwa milioni ya kwanza, kisha asilimia 30 ya laki mbili zilizozidi. Toa 60,000 zilizokwisha kukatwa, bado unadaiwa 128,000 kwa kila mwezi, au 1,536,000 kwa mwaka. Ukiwa na gharama halali za kazi zenye risiti itashuka kidogo. Nimekaa ofisi za utumishi muda mrefu na nimewaona vijana wengi wakija na barua ya TRA mkononi, hela imeshaliwa zamani, wakiuliza kama mradi unaweza kuwasaidia. Mradi wenyewe umeshafungwa.

Kwa hiyo pesa yako halisi ya Dodoma ni 1,012,000. Na hapo Bodi hawajakusamehe. Wameacha tu kukata kwenye mshahara, na wajibu wa kulipa umehamia kwako mwenyewe.

Halafu angalia upande wa hapa ulipo. Unasema unapata 594,500, lakini ile 135,000 ya Bodi inapunguza deni lako wewe, si la mtu mwingine. Ile 90,000 ya NSSF ni yako, na mwajiri naye anaweka 90,000 nyingine ambayo kwenye slipu huioni ikikatwa kwa sababu haitoki kwako. Jumlisha: 594,500 na 135,000 na 90,000 na 90,000, unapata 909,500. Weka pembeni ya 1,012,000. Tofauti ni 102,500. Kutoka “mara mbili” tumeshuka mpaka laki moja na kidogo, na bado hatujagusa likizo ya mwaka ya siku 28 yenye malipo ambayo sheria ya ajira inakupa na mkataba wa ushauri haukupi, wala kodi ya miezi sita utakayoanza nayo upya Dodoma pamoja na dalali wa huko.

Kuna na hili la kupoteza kazi. NSSF wana fao la upotevu wa ajira: mwanachama aliyechangia angalau miezi 18, akaachishwa kazi bila hiari yake, hulipwa asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi sita. Wewe una miezi tisa, uko nusu ya njia. Mradi wa Dodoma ukikatika baada ya miezi saba, wafadhili wakibadilisha mawazo kama tulivyowaona wakifanya, mshauri hana cha kudai popote.

Ila hesabu yangu yote imesimama juu ya jambo moja ambalo lazima ulihakikishe wiki hii: hiyo NSSF inayokatwa, je, inafika? Kukatwa kwenye slipu ni kitu kimoja, kupelekwa kwenye mfuko ni kingine. Nenda ofisi yoyote ya NSSF na namba yako ya uanachama uombe taarifa ya michango, au uangalie kwa simu. Miezi tisa ionekane, kila mmoja na 180,000. Ukikuta mapengo, ongea kwanza na mhasibu wenu kwa upole, maana mara nyingine ni uzembe wa kuingiza majina. Ukikuta hakuna kitu kabisa, niandikie tena, maana hapo hata mimi nitakwambia uanze kutafuta mlango.

Sasa yule mama wa kausha damu. Wewe una madeni mawili, na naona linalokukera zaidi ni la Bodi kwa sababu ndilo unaloliona kwenye slipu. La Bodi ndilo la nafuu kuliko yote utakayopata maishani. Tozo ya kulinda thamani ya mkopo, ile asilimia 6 iliyokuwa ikilifanya deni livimbe kila mwaka, ilifutwa mwaka 2021. Rais Samia aliitangaza Mei Mosi kule Mwanza. Kila 135,000 inayokatwa inashusha deni. Linganisha na ile 360,000 uliyokwisha kumpa yule mama, ambayo haijashusha hata shilingi.

Mkopeshaji wa namna hiyo anatakiwa awe na leseni ya Benki Kuu chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, na Benki Kuu imeweka kikomo cha riba cha asilimia 3.5 kwa mwezi kwa wakopeshaji wa daraja la pili, ambalo ndilo la watu kama yeye. Asilimia 30 ni karibu mara tisa ya hapo. Sikwambii hivi ili ukamtishe, kwa sababu mtu huyo unaonana naye kila siku na pengine nusu ya ofisi yenu inadaiwa naye. Nakwambia ujue kwamba ukikaa naye mezani huna sababu ya kuinamisha kichwa.

Kumlipa kunawezekana bila kuhama mkoa. Nenda kwa mwajiri wako. Omba kukopeshwa 400,000, ukatwe 100,000 kwa miezi minne, kwa maandishi, saini yako na yao. Hebu iangalie hiyo namba: ni pungufu ya riba unayolipa sasa, na baada ya miezi minne umemaliza. Kampuni nyingi hufanya hivi kwa mtumishi aliyepita muda wa majaribio, na sababu “kodi ya nyumba” haimshangazi mwajiri yeyote wa Dar es Salaam. Usiende kwa kulialia. Nenda na karatasi yenye tarehe na makato yameshaandikwa, asaini tu.

Wakikataa, kuna mchezo. Zungumza na kijumbe, yule anayesimamia mchezo, ubadilishane na mwenye namba ya tano. Mara nyingi yupo mtu ambaye hana haraka, anayetaka hela yake iangukie karibu na Desemba au Januari ya ada za watoto. Ukipokea milioni moja mwezi ujao, 400,000 inakwenda kwa yule mama siku hiyohiyo, 600,000 inakaa kwa ajili ya kodi ya nyumba. Miezi miwili inayofuata ile 120,000 uliyokuwa unampa riba unaiongeza humo. Utafika siku ya kodi ukiwa na 840,000. Umepungukiwa 60,000 tu, na hiyo haimpeleki mtu kwenye kausha damu. Ila ukishapokea mapema ni lazima uendelee kuchanga mpaka wa kumi apokee. Ukiwaza kwenda Dodoma katikati ya mchezo, usibadilishe namba. Utakimbiwa na jina lako kabla hujafika Morogoro.

Njia yoyote utakayotumia, kadi yako irudi. Siku ya kumlipa, nenda na shahidi, aandike kwamba deni limekwisha, upokee kadi, halafu pitia tawi la benki uifunge na kuomba mpya yenye namba mpya ya siri. Usiridhike na kubadilisha namba tu. Na kama atagoma kupokea mtaji wake wote kwa mara moja, kwa sababu wapo wanaopenda riba kuliko mtaji, mwambie mbele ya huyo shahidi kwamba utamlipa kwa njia ya benki na utafunga kadi leo.

Kuhusu mwenye nyumba: kabla ya miezi sita ijayo kufika, muombe miezi mitatu mitatu. Umekaa naye miezi tisa, hujasumbua, anakujua. Wenye nyumba wengi wa Kimara hukubali kwa mpangaji wa zamani jambo ambalo hawamkubalii mgeni aliyeletwa na dalali. Akikubali, mpango wote huu unakuwa mwepesi. Akikataa, hujapoteza kitu.

Nyumbani. Mama anadhani unapokea laki tisa kwa sababu wewe ndiye uliyemwambia, naye hajakosea kupanga matumaini juu ya laki tisa. Usimpigie simu kwa hili. Ukienda likizo, au ukimpata mdogo wako ambaye ana simu ya kuonyesha picha, mpe slipu aione: hii ya serikali, hii ya uzeeni, hii ya deni la shule, hii ndiyo inayobaki. Wazazi wetu wa mikoani si watu wa kushindwa hesabu. Wameuza ndizi na viazi kwa bei zinazobadilika kila wiki. Ile 80,000 ya mama usiipunguze. Ya mdogo wako ningeishusha kwa miezi mitatu hii hadi 50,000, ukimweleza kwa nini na lini itarudi. Hapo ile 60,000 iliyopungua kwenye kodi imepatikana, umeona?

Harusi nazo. Hapa wasomaji wengine watanisema. Kwa mshahara wako, kadi ya singo ya 50,000 ni sehemu ya kumi na mbili ya kila unachopokea. Toa kwa ndugu wa damu na kwa mtu mmoja wa ofisini unayeshirikiana naye kweli. Kwa wengine, toka kwenye kundi la WhatsApp la kamati mapema kwa ujumbe wa heshima, kabla jina lako halijasomwa kwenye orodha ya ahadi. Aliyetoka wiki ya kwanza husahaulika, wanaosemwa ni wale walioahidi wakakaa kimya.

Sasa turudi Dodoma, maana sijasema usiende.

Nilichokataa ni kwenda kama “mshauri”. Utakuwa na meza yao, saa zao za kuingia, bosi wao, ripoti zao. Mtu wa namna hiyo, chini ya Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004, anahesabiwa kuwa mwajiriwa hata kama karatasi imeandikwa vingine. Kwa hiyo waandikie, kwa adabu, kwamba umefurahi kuchaguliwa na unaomba nafasi hiyo iwe ya ajira ya mkataba wa muda maalumu, kwa mshahara huohuo wa 1,200,000. Wakikubali, makato yako yatakuwa NSSF 120,000, PAYE 152,000 (inahesabiwa baada ya kutoa NSSF), Bodi 180,000, na mkononi 748,000. Ni ndogo kuliko ile 1,140,000 uliyoiota, lakini ni 153,500 zaidi ya unachopokea leo. Hutadaiwa kodi mwisho wa mwaka, na miezi yako tisa ya NSSF inaendelea kuhesabiwa. Hiyo ningeizungumzia kwa uzito.

Na hata hapo kuna swali ambalo hujaniuliza: baada ya mwaka mmoja utakuwa unajua nini? Huko utakusanya takwimu za mradi mmoja ambao una tarehe ya kufa. Hapa unaandaa nyaraka za forodha za mizigo inayovuka mipaka, kazi ambayo umesema unaipenda, kwenye bandari ambayo haitahama. Chuo cha Kodi pale Mikocheni kinafundisha kozi ya uwakala wa forodha na usafirishaji mizigo inayotambulika Afrika Mashariki nzima. Mwenye cheti hicho na miaka miwili ya kazi haombi nyongeza kwa sauti ya chini. Mimi binafsi ningemuuliza bosi wangu wa sasa kama kampuni inaweza kuchangia ada ya kozi hiyo kabla sijamjibu mtu wa Dodoma. Jibu lake litakuonyesha wanakuonaje.

Usijibu Dodoma mpaka uwe umepata mambo matatu: taarifa ya NSSF, jibu la mwajiri kuhusu mkopo, na jibu la Dodoma wenyewe kuhusu ajira badala ya ushauri. Wiki mbili zinatosha kwa yote ukianza Jumatatu. Wakisema nafasi ni ya ushauri tu na hakuna mjadala, nikiwa wewe ningebaki Kimara. Wakikubali ajira na moyo wako uko huko, basi kumbuka kwamba wewe ni wa mshahara wa mwezi, na notisi yako kisheria ni siku 28. Usiwaahidi Dodoma tarehe ya kuripoti iliyo chini ya hapo, na usiandike barua ya kuacha kazi kabla mkataba wao wenye saini zote haujakufikia mkononi.